Kuandaa Msimbo kwa Ajili ya Modeli ya Lugha: Maelezo na Njia ya Kufundishia

UTANGULIZI

Katika makala hii tunakusudia kueleza kazi ya chombo kimoja kinachotumiwa siku hizi na watu wanaoandika programu za kompyuta, kisha kuonyesha jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kuifundisha kanuni ya chombo hicho hata katika darasa lisilo na kompyuta. Chombo chenyewe ni kiongezi cha kihariri cha msimbo, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu kubwa ya kuandikia. Kazi yake ni kuyakusanya mafaili ya mradi, kuyachuja, kuyapanga na kuyafunga katika andiko moja ili modeli ya lugha iweze kulisoma.

Huenda mwalimu mwanafunzi akauliza: jambo hili lanihusu nini mimi nitakayekwenda kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu? Majibu ni mawili. Kwanza, elimu ya kompyuta inazidi kuingia katika shule zetu. Nchini Kenya, mathalani, mtaala wa kufundisha uandishi wa programu uliidhinishwa mwaka 2022 kwa ajili ya shule za msingi na za sekondari. Mwalimu anayeanza kazi leo hana budi kujiweka tayari kwa maswali ambayo mwalimu wake mwenyewe hakuulizwa. Pili, kazi ya chombo hiki ni ile ile tuifanyayo kila jioni tunapoandika andalio la somo. Tunachagua yatakayomfaa msomaji asiyeijua habari, tunayaweka kwa utaratibu, tunapima wingi wake kwa muda tulio nao, na tunaacha nje yale yasiyostahili kutolewa. Mwanafunzi atakayeijua kanuni hii katika msimbo ataijua pia katika insha, katika barua na katika taarifa ya mkutano.

MAANA YA MANENO

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya maneno tutakayoyatumia.

(a) Msimbo ni maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta. Mradi mmoja huwa na mafaili mengi ya msimbo yaliyopangwa katika folda, na mafaili hayo hutegemeana kama vile sura za kitabu cha hesabu zinavyotegemeana.

(b) Kihariri cha msimbo ni programu ambayo ndani yake msimbo huandikwa na kusahihishwa. Kimojawapo kinachotumiwa sana ni Visual Studio Code, kilichotangazwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2015. Kihariri cha namna hii hukubali viongezi, yaani programu ndogo zinazoandikwa na watu wengine ili kukiongezea uwezo.

(c) Modeli ya lugha ni programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno, nayo hutunga maandishi mapya kwa kukadiria ni kipande gani cha neno kifuatie kile kilichotangulia. Ni aina mojawapo ya akili mnemba, au akili unde kama wasemavyo wengine. Muundo unaotumiwa na modeli nyingi za leo ulielezwa na watafiti mwaka 2017, na watu wengi duniani walianza kuzifahamu modeli hizi ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwezi Novemba mwaka 2022.

(d) Tokeni ni kipande cha maandishi ambacho modeli hukihesabu kuwa kimoja. Huweza kuwa neno zima, sehemu ya neno, au alama moja tu.

(e) Dirisha la muktadha ni jumla ya tokeni ambazo modeli yaweza kuzishughulikia kwa mara moja, maswali na majibu pamoja. Kilicho nje ya dirisha hilo, modeli haikioni.

KWA NINI MSIMBO HUHITAJI KUANDALIWA

Modeli ya lugha imesoma mengi, lakini haijausoma mradi wako. Ukiiuliza, "Kwa nini programu yangu inakosea hesabu?" bila ya kuionyesha programu hiyo, itakujibu kwa maneno ya jumla, au itabuni jambo ambalo halimo. Ni lazima basi uionyeshe msimbo.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Ukiionyesha faili moja tu, haitajua mafaili mengine yanasema nini. Ukiionyesha kila kitu kilichomo katika folda ya mradi, utaishindilia takataka nyingi, kwani miradi mingi ya siku hizi huwa na folda kubwa za msimbo wa kuazima ulioandikwa na watu wengine. Wanaotumia lugha ya JavaScript wanaifahamu sana folda iitwayo node_modules, ambayo hata katika mradi mdogo huweza kuwa na maelfu ya mafaili. Mwandishi akijaribu kunakili faili moja moja kwa mkono, atasahau moja, atarudia jingine, na atachoka kabla ya kumaliza.

Kiongezi kilitungwa ili kuiondoa taabu hiyo. Kipo chombo huria kiitwacho Repomix kilichotokea mwaka 2024; chaweza kutumiwa peke yake, na vipo viongezi vya kukitumia ndani ya Visual Studio Code. Vyombo vingine vya aina hii viko pia, na kazi zao zinafanana sana. Kwa hiyo tutaeleza kazi zenyewe kuliko kukisifu chombo kimoja.

KAZI SITA ZA CHOMBO

1. Kukusanya. Chombo hupita katika folda zote za mradi na kuyatambua mafaili ya maandishi. Picha, sauti na vitu vingine visivyo maandishi huachwa.

2. Kuchuja. Watu wengi wanaoandika programu hutunza kazi zao kwa Git, mfumo wa kuweka kumbukumbu za mabadiliko ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 2005. Katika mfumo huo huandikwa faili liitwalo .gitignore, lenye orodha ya vitu visivyopaswa kuhifadhiwa. Chombo huifuata orodha hiyo, na mwandishi aweza kuongeza makatazo yake mwenyewe.

3. Kuchora ramani. Mwanzoni mwa andiko chombo huweka orodha ya folda na mafaili, ili modeli ione umbo la mradi kabla ya kusoma sehemu zake. Ni kama ukurasa wa yaliyomo.

4. Kuweka lebo. Kila faili hutanguliwa na jina lake na mahali lilipo, na mwisho wake hubainishwa. Bila lebo hizo mafaili ishirini yangekuwa kama madaftari ishirini yaliyoraruliwa majalada na kushonwa pamoja.

5. Kuhesabu. Chombo hutoa hesabu ya tokeni za kila faili na jumla yake, ili mwandishi ajue kama andiko litaingia katika dirisha. Baadhi ya vyombo vyaweza pia kulifupisha faili, yaani kubakiza majina ya sehemu zake na kuacha maelezo ya ndani. Tofauti hiyo twaifahamu vizuri: azimio la kazi huonyesha mada za muhula mzima kwa mistari michache, na andalio la somo hueleza kipindi kimoja kwa ukamilifu. Anayetaka kujua mwaka wote unakwendaje hahitaji kusoma maandalio mia mbili.

6. Kukagua siri. Chombo hutafuta nywila na funguo zilizosahauliwa ndani ya mafaili, na kumwonya mwandishi kabla andiko halijatolewa. Tutalirudia jambo hili, kwani ndilo zito kuliko yote.

Chombo hakielewi mradi. Hakijui ni faili gani lenye kosa, wala ni swali gani mwandishi anataka kuuliza. Hufuata kanuni alizopewa, na uamuzi hubaki kwa mwandishi.

JUU YA TOKENI

Mwalimu asipolifahamu vizuri jambo la tokeni, ataligeuza kuwa fumbo mbele ya darasa. Kwa bahati njema, njia kuu ya kuzipata yaweza kuonyeshwa kwa chaki na ubao. Njia hiyo, ambayo asili yake ni mbinu ya kubana data iliyoelezwa mwaka 1994, ni hii: tunaanza na herufi moja moja, tunatafuta jozi ya herufi zinazofuatana mara nyingi zaidi, tunaiunganisha jozi hiyo kuwa kipande kimoja, kisha tunarudia.

Tuyachukue maneno manne: soma, somo, somesha, msomi. Tukihesabu herufi, soma ina 4, somo 4, somesha 7 na msomi 5; jumla ni 20. Jozi "so" imetokea mara 4, nayo "om" mara 4. Tuanze na "so" na kuifanya kipande kimoja. Sasa "so" yafuatwa na "m" katika maneno yote manne, basi twaiunganisha pia kuwa "som". Maneno yetu yamekuwa som-a, som-o, som-e-s-h-a, m-som-i, na jumla ya vipande imeshuka kutoka 20 hadi 12.

Wanafunzi watafurahi kuona kwamba hesabu tupu imeufichua mzizi ambao mwalimu wa sarufi angewaonyesha kwa njia nyingine. Lakini waonywe kwamba mashine haikujua sarufi. Imefuata wingi tu, na mara nyingi hulikata neno mahali ambapo msemaji wa Kiswahili asingelikata. Tena, modeli nyingi zimefunzwa kwa maandishi ya Kiingereza zaidi kuliko ya Kiswahili. Kwa sababu hiyo jozi za Kiswahili huhesabiwa chache, na habari ile ile ikiandikwa kwa Kiswahili aghalabu hutumia tokeni nyingi zaidi. Kampuni nyingi hutoza malipo kwa hesabu ya tokeni, kwa hiyo jambo hili si la wataalamu peke yao. Lamgusa kila atakayetumia lugha yetu katika mashine hizi.

Madirisha nayo yamekua haraka. Modeli ya GPT-3 ya mwaka 2020 ilikuwa na dirisha la tokeni 2,048. Kufikia mwaka 2024 zilikuwapo modeli zenye dirisha la tokeni 1,000,000. Mtu aweza kudhani kwamba kuchagua hakuna maana tena. Sivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba modeli kadhaa zilizojaribiwa zilitumia vizuri zaidi habari zilizokuwa mwanzoni au mwishoni mwa andiko refu kuliko zile zilizokuwa katikati. Hata mashine yenye nafasi kubwa hupotewa na jambo lililofunikwa na mengi. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

NJIA YA KUFUNDISHIA

Tunapendekeza andalio lifuatalo kwa Darasa la Sita au la Saba. Halihitaji umeme wala kompyuta.

Muda: vipindi viwili vya dakika 40.

Mada: Kuandaa habari kwa msomaji asiyeijua.

Shabaha: Mwisho wa somo wanafunzi waweze (i) kuchagua mafaili yanayohusu swali lililoulizwa, (ii) kueleza sababu ya kuacha kila faili lililoachwa, (iii) kutambua habari zisizopaswa kutolewa nje, (iv) kulipima jibu kabla ya kulikubali.

Zana: Kadi kumi kwa kila kikundi cha wanafunzi watano au sita. Maboksi ya zamani ya karatasi ngumu yanatosha.

Hatua ya kwanza: swali. Mwalimu aandike ubaoni: "Duka la shule lina programu ya kutoa risiti. Mwanafunzi amenunua madaftari 3 kwa shilingi 500 kila moja, na kalamu 2 kwa shilingi 300 kila moja. Risiti imeonyesha jumla ya shilingi 800." Wanafunzi wakokotoe jumla iliyo sahihi: 1,500 na 600, yaani shilingi 2,100. Mwalimu asiwaambie kosa liko wapi. Awaambie tu kwamba watamwandikia msaidizi aliye mbali, mwenye ujuzi mwingi wa programu, ambaye hajaliona duka lao na hatakumbuka chochote ila watakachomwandikia.

Hatua ya pili: kadi. Kila kikundi kipewe kadi kumi, kila moja ikiwa na jina la faili na idadi ya tokeni zake:

1. Maelezo ya mradi, 40
2. Orodha ya bei, 60
3. Kukokotoa jumla, 80
4. Kuchapa risiti, 90
5. Kusajili wateja, 120
6. Picha ya nembo ya shule, 700
7. Msimbo wa kuazima, 5,000
8. Nywila ya msimamizi, 20
9. Nakala ya zamani ya kukokotoa jumla, 80
10. Madeni ya wanafunzi kwa majina, 300

Wanafunzi wajumlishe, watapata 6,490. Kisha mwalimu atangaze sharti: dirisha ni la tokeni 400 tu, na ndani yake ziingie ramani ya folda ya tokeni 20, swali la tokeni 30, na nafasi ya jibu isiyopungua tokeni 80. Kwa hiyo zimebaki 270 za mafaili.

Hatua ya tatu: kuchagua. Vikundi vifanye kazi kwa dakika 15. Mwalimu apite, asikilize, wala asiharakishe kusahihisha. Kadi ya 1, 2, 3 na 4 zikijumlishwa ni 270 kamili, na huo ndio uchaguzi unaofaa.

Hatua ya nne: kutetea. Kila kikundi kisimame na kueleza, si yale kilichoyachukua tu, bali hasa yale kilichoyaacha. Hapa ndipo penye mafunzo yote, na mwalimu ajiwekee akiba ya muda wa kutosha.

Hatua ya tano: kufunga andiko. Kikundi kiandike ukurasa mmoja: ramani juu, kisha kila faili kwa lebo yake ya kufungua na ya kufunga, na mwisho swali. Swali liwe dhahiri. "Programu ina kosa" halitoshi. Waandike walichonunua, walichokitazamia na walichokipata.

Hatua ya sita: kulipima jibu. Mwalimu asome jibu moja la kuwaziwa: "Faili la kukokotoa jumla limejumlisha bei bila ya kuzidisha kwa idadi." Wanafunzi walijaribu jibu hilo kwa hesabu: 500 na 300 ni 800, sawasawa na risiti mbovu. Kisha mwalimu asome jibu la pili: "Orodha ya bei imeandikwa vibaya." Wakague kadi ya bei, wataona kwamba bei ni sahihi, na jibu lakataliwa. Waone kwamba majibu yote mawili yamesemwa kwa uhakika ule ule, na kwamba kilichoyatenganisha ni kazi yao wenyewe ya kuhakikisha.

MAKOSA YANAYOTAZAMIWA

Mwalimu akiyajua makosa mapema hatashtuka, tena atayatumia kufundishia.

La kwanza ni kuchukua kadi ya 3 peke yake. Kikundi kitasema, "Kosa ni la hesabu, basi faili la hesabu latosha." Kiulizwe: mmejuaje? Jumla yaweza kukokotolewa vizuri kisha ikachapwa vibaya. Kabla ya kulijua kosa, hatuna budi kuipeleka njia yote ambayo habari hupitia, kutoka bei hadi risiti. Mchunguzi wa kosa hafungi milango kabla ya kuingia nyumbani.

La pili ni kuichukua kadi ya 9 kwa sababu jina lake linafanana na la kadi ya 3. Faili la zamani halitumiki tena. Modeli ikipewa yote mawili yaweza kulisahihisha lisilotumika, na risiti ikabaki vile vile. Hata hivyo, pengine mwanafunzi atasema kwamba nakala ya zamani yaonyesha jinsi hesabu ilivyokuwa kabla ya kuharibika. Hoja hiyo ni ya akili, nayo isipuuzwe. Aambiwe kwamba ikiwa atalipeleka, ni lazima lebo iseme waziwazi kuwa ni la zamani, na atafute la kuliacha, kwa kuwa nafasi haitoshi.

La tatu ni kuchagua kwa udogo. Kadi ya 8 ina tokeni 20 tu, na kikundi chenye nafasi iliyobaki kitashawishika kuitia "isipotee bure". Hapa mwalimu asimamishe darasa zima. Kadi iliyo ndogo kuliko zote ndiyo yenye hatari kuliko zote. Hesabu ya tokeni hupima nafasi tu. Haipimi madhara.

JUU YA SIRI

Andiko lililokwisha kutumwa kwa modeli limetoka mikononi mwetu. Modeli nyingi hufanya kazi katika kompyuta za kampuni zilizo mbali, na msimbo unaoandaliwa husafiri hadi huko. Nywila ikimo ndani yake, imekwenda. Kuifuta katika faili hakutoshi, kwa kuwa nakala imekwisha toka, na hata Git yenyewe huhifadhi kumbukumbu za zamani. Dawa ni moja: kubadili nywila hiyo mara moja.

Ukaguzi wa chombo husaidia, lakini una mpaka. Chombo huutambua ufunguo wa siri kwa umbo lake, kwa mfano mfululizo wa herufi wenye mwanzo maalumu. Faili la madeni ya wanafunzi, lenye majina na kiasi ambacho mzazi wa kila mmoja hajalipa, halina umbo la ufunguo. Chombo kitaliona kuwa orodha ya kawaida, na kitalipitisha. Ni mtu tu ajuaye kwamba orodha hiyo ikienea mtoto atachekwa na wenzake, na mzazi ataaibika.

Jambo hili latuhusu sisi walimu moja kwa moja. Mwalimu aliyechoka mwishoni mwa muhula, mwenye ripoti themanini za kuandika, aweza kushawishika kuipa modeli kitabu kizima cha alama pamoja na majina, magonjwa na hali za nyumbani za watoto, ili imwandikie maoni. Afikiri kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Lakini hata pasipo sheria, mzazi alimwambia mwalimu habari za mtoto wake kwa kumwamini mwalimu. Hakumwambia mtu wa tatu. Kanuni yetu iwe hii: yaondolewe majina, na yaondolewe pia mambo yanayomtambulisha mtoto hata pasipo jina. Ikiwa kazi haiwezekani bila ya mambo hayo, basi kazi hiyo ifanywe na mwalimu kwa kalamu yake.

Katika somo la kadi, tunashauri kadi ya 10 isiwe na majina ya watoto wa darasa hilo, wala majina yanayokaribiana nayo. Mwalimu abuni majina. Tusifundishe kutunza siri kwa kuitoa.

MIPAKA YA CHOMBO

Siku hizi baadhi ya vihariri vina wasaidizi wanaoweza kutafuta wenyewe ndani ya mradi na kuyafungua mafaili wanayoyahitaji, bila ya mwandishi kuwafungia andiko. Je, somo hili limepitwa na wakati? Tunaona kwamba halijapitwa. Msaidizi atafutaye mwenyewe hutumia dirisha lile lile. Naye pia hupotea katika mradi uliojaa nakala za zamani na majina yasiyoeleweka. Tena, yeye aweza kulifungua faili la nywila ikiwa hakuna aliyemkataza. Kazi ya kuchagua imehama tu, kutoka siku ya kuuliza hadi siku ya kuupanga mradi. Mwenye folda safi na maelezo mazuri ya mradi husaidiwa vizuri na chombo cho chote. Tena mwenzake anayekuja kumpokea kazi hufaidika vile vile.

UPIMAJI

Baada ya somo, mwalimu asipime kwa kuuliza maana ya tokeni peke yake. Awape wanafunzi kazi isiyohusu kompyuta kabisa: waandike ukurasa mmoja wa kumkabidhi darasa mwalimu wa zamu ambaye hajawahi kulifundisha. Alama zitolewe kwa mambo manne: je, mgeni atajua aanzie wapi? Je, kila sehemu ina kichwa? Je, kuna jambo ambalo lingeachwa bila hasara? Je, kuna siri ya mtu iliyoingia? Mwanafunzi atakayefaulu katika zoezi hilo ameielewa kanuni, hata kama bado hajakigusa kihariri cha msimbo.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kiongezi cha kuandaa msimbo hukusanya, huchuja, huchora ramani, huweka lebo, huhesabu na hukagua. Tumeona pia kwamba uamuzi wa nini kiingie na nini kibaki nje haukifuati chombo, bali humfuata mtu mwenye kujua swali lake na wajibu wake. Kazi hiyo yaweza kufundishwa kwa kadi za maboksi, nayo yafaa ifundishwe mapema, kabla mtoto hajazoea kumimina kila alicho nacho mbele ya mashine na kungoja jibu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Yachukue maneno haya: pika, pikia, mpishi, mapishi. Unganisha jozi za herufi kama tulivyofanya. Je, vipande ulivyovipata vinalingana na mizizi ya sarufi? Eleza kwa nini.

2. Katika zoezi la kadi, dirisha likipanuliwa hadi tokeni 600, utaongeza kadi ipi? Je, kuongeza kutalisaidia jibu?

3. Tunga kadi kumi kwa ajili ya programu ya maktaba ya shule. Hakikisha kwamba moja ni ndogo na ya hatari, na moja ni kubwa na isiyo na kazi.

4. "Chombo kimekagua, kwa hiyo andiko ni salama." Jadili kauli hii ukitoa mifano miwili kutoka katika kazi za ofisi ya mwalimu.

5. Toa andalio la kipindi kimoja cha Kiswahili ambamo kanuni ya kuchagua na kuweka lebo itafundishwa kwa kutumia barua rasmi.